Damu Yako Mwenyewe Kwenye Shimo la Jino

Tulipata barua kutoka kwa kikundi kimoja cha akina mama ambacho kinafanana sana na vikundi vyenu. Wanakutana kila wiki, wanachanga pesa za mzunguko, na wanaweka akiba kidogo ya dharura. Mmoja wao amesumbuliwa na gego la mwisho la chini kwa zaidi ya mwaka. Shavu linafura, linapoa, linafura tena. Alienda mjini kwa daktari wa meno, akapigwa picha ya eksirei, akaambiwa jino limelala upande ndani ya mfupa na ni lazima litolewe kwa upasuaji mdogo. Hapo hakuna aliyeshangaa. Kilichowashangaza ni mstari wa pili kwenye karatasi ya gharama. Ziliandikwa pesa za ziada za kutumia damu ya mgonjwa mwenyewe ili kidonda kipone vizuri.

Kikundi kikagawanyika. Wengine walisema huo ni ujanja wa kula pesa za watu wa mashambani. Mama mzee mmoja akakumbusha hadithi za mumiani na za wazimamoto, ati walikuwa wakishika watu usiku na kuwanyonya damu. Wengine nao walisema kwamba kama ni matibabu ya kweli, mwenzao asinyimwe. Shida ni kwamba pesa za kutoa jino wanazo, lakini wakiongeza za damu, akiba yote inakwisha. Wakatuuliza wafanye nini.

Jibu letu tunalitoa mapema, ili asiyefika mwisho wa ukurasa asikose. Kazi hiyo ni ya kweli, si ulaghai, na inaweza kusaidia. Lakini haina uzito sawa na kutoa jino lenyewe. Kutoa jino ni lazima, damu ni nyongeza. Sasa hebu tueleze kwa nini.

KWANI DAMU INA NINI?

Jino likishang'olewa, shimo lake linajaa damu. Baada ya dakika chache damu hiyo inakuwa nzito, halafu inaganda na kuwa bonge jekundu lililoziba shimo. Wengi wetu tumezoea kuliona bonge hilo kama uchafu. Mtu anarudi nyumbani, anasukutua kwa nguvu, anatema, anasukutua tena mpaka maji yatoke meupe, halafu anajisifu kwamba amesafisha kidonda. Kumbe ametupa dawa aliyopewa na mwili wake bila kulipa hata senti.

Damu si maji mekundu tu. Ndani yake kuna chembe nyekundu zinazobeba hewa safi, chembe nyeupe zinazopigana na vijidudu, na chembe ndogo kuliko hizo zote zinazoitwa chembe sahani. Chukua mililita moja ya damu, uigawe mara elfu moja. Katika kila kijisehemu kimoja, mtu mwenye afya ana chembe sahani kati ya 150,000 na 400,000 hivi. Kila moja inaishi siku 7 hadi 10, kisha inakufa na nyingine inachukua mahali pake.

Mshipa wa damu ukikatika, chembe sahani hukimbilia pale, zikashikamana na kuziba. Lakini kazi yao haiishii hapo. Zimebeba vichocheo ndani yake, na zikishashikamana zinavimwaga. Vichocheo hivyo ni kama mbiu ya mgambo. Vinaita chembe nyeupe zije kusafisha, vinaita chembe za nyama na za mfupa zije kujenga, tena vinafanya mishipa midogo ya damu ichipuke upya. Wakati huohuo, kitu kilichoyeyuka katika maji ya damu kinageuka kuwa nyuzi nyembamba zinazoitwa fibrini. Nyuzi hizi zinasukana kama wavu na kuzishika chembe zote pamoja. Anayetengeneza maziwa lala anaelewa jambo hili. Jana yalikuwa maziwa ya kumiminika, leo yameshikana, na hakuna mtu aliyeyaongeza unga.

Juu ya wavu huo ndipo mwili unapojenga. Katika wiki ya kwanza nyama laini inaanza kuota ndani ya bonge. Baada ya wiki tatu au nne fizi inakuwa imefunika shimo. Mfupa wenyewe hauna haraka. Unajaa pole pole kwa miezi mitatu, minne, hata sita.

Sasa, bonge likitoka mapema au likiyeyuka kabla ya wakati wake, mfupa unabaki uchi. Ugonjwa huo huitwa tundu kavu. Siku ya kwanza mgonjwa yuko sawa, ya pili anaanza kusema kuna kitu, ya tatu analia. Maumivu yanapanda mpaka sikioni, mdomo unanuka, na dawa za kawaida za maumivu hazifui dafu. Kwa meno ya kawaida, hilo huwapata watu kati ya 1 na 5 katika kila 100. Kwa magego ya mwisho ya chini yanayotolewa kwa upasuaji, kuna uchunguzi uliopata hata watu 30 katika 100. Ndiyo sababu madaktari wanalihofia sana jino la mwenzetu huyu.

DAKTARI ANAFANYA NINI NA HIYO DAMU?

Wale wenye ng'ombe wanajua kwamba maziwa yakikaa, malai hupanda juu. Wanajua pia kwamba kiwandani hawangoji yapande yenyewe. Wana mashine inayozungusha maziwa kwa kasi mpaka malai yajitenge. Damu nayo hutenganishwa kwa njia hiyo. Vitu vizito husukumwa chini, vyepesi vikabaki juu.

Daktari au msaidizi wake anatoa damu mkononi, kama vile mnavyotolewa mkienda kupimwa. Inaingia kwenye vichupa vidogo vya mililita 10 hivi, yaani vijiko viwili vya chai kwa kila kichupa. Mara nyingi vichupa vichache vinatosha. Mtu mzima ana damu ya lita 5 hivi, na anayejitolea damu kwa ajili ya wengine hutoa mililita 450 kwa mara moja. Kwa hivyo vijiko vichache havimdhoofishi mtu mwenye afya.

Vichupa vinaingizwa kwenye mashine mara moja, kabla damu haijaganda. Hapa hakuna kusimama kupiga gumzo. Dakika chache tu zikipotea, damu inaganda ovyo ndani ya kichupa na kazi yote inaharibika. Kwa njia iliyotumika tangu mwanzo, mashine inazunguka mara 2,700 hadi 3,000 kwa dakika, kwa muda wa dakika 10 au 12. Ikisimama, utaona matabaka matatu. Chini kabisa kuna chembe nyekundu. Juu kuna maji ya damu, ya rangi ya majano. Katikati kuna kitu kama jeli, cheupe kinachoelekea umanjano, chenye wavu wa fibrini ulionasa sehemu kubwa ya chembe sahani na chembe nyeupe nyingi. Hicho ndicho kinachotafutwa.

Daktari anakivuta kwa kibano, anakata ule mkia mwekundu, anakikamua taratibu. Akitaka utando anakibana kiwe bapa. Akitaka kizibo anakiacha kinene. Jino likiisha kutoka na shimo kusafishwa, anakiweka ndani, kisha anashona fizi juu yake. Kazi yote inafanyika palepale mgonjwa akiwa kwenye kiti. Hakuna dawa inayoongezwa, wala damu ya mtu mwingine.

Njia hii haikuzuka jana. Mwaka 1998 daktari Robert Marx na wenzake huko Marekani waliandika jinsi walivyotumia maji ya damu yenye chembe sahani nyingi wakati wa kujenga mifupa ya taya. Katika njia yao, damu iliwekwa kwanza dawa ya kuizuia isigande. Baada ya kuitenganisha, iliwekwa dawa nyingine ya kuigandisha, ambayo ilitokana na ng'ombe. Ilikuwa kazi ndefu na ya gharama. Mwaka 2001 Joseph Choukroun na wenzake huko Ufaransa wakaja na njia rahisi zaidi, hii tuliyoieleza, isiyo na dawa yoyote. Ndiyo imeenea sana kwa madaktari wa meno. Hutumiwa pia wakati wa kupandikiza meno bandia kwenye mfupa na katika matibabu ya fizi, lakini hayo hatutayaingilia leo.

JE, INASAIDIA KWELI?

Hapa tunaomba mtusome kwa makini, kwa sababu hapa ndipo pesa zinapopotea.

Majaribio mengi yamefanywa katika nchi mbalimbali kwa watu waliotolewa magego ya mwisho ya chini. Kwa jumla yanaonyesha kwamba waliowekewa damu yao iliyotenganishwa walipata maumivu pungufu kidogo siku za kwanza, na wachache zaidi kati yao walipata tundu kavu. Nyama laini nayo huonekana kufunga vizuri. Hiyo ni faida ya kweli, hasa kwa mtu ambaye jino lake liko ndani sana.

Lakini mengi ya majaribio hayo yalikuwa na watu wachache, na hayakufanywa kwa namna moja. Kuhusu mfupa, habari si nzuri kama zinavyotangazwa. Mtu akikuambia kwamba mfupa wako utajaa kwa nusu ya muda wa kawaida, mwulize anajuaje. Tena damu hiyo haitibu usaha. Kama kuna jipu, usaha lazima utolewe. Na haimtibu mtu ambaye sukari yake iko juu na hajaishughulikia. Mwenye kisukari kinachopanda anahitaji kwanza kuituliza sukari, maana kidonda chake kitachelewa hata ukiweka damu ya namna gani.

Kuna njia nyingine pia za kuzuia tundu kavu. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2022, uliokusanya majaribio mengi pamoja, ulionyesha kwamba dawa ya kusukutua au ya kupaka iitwayo klorheksidini, ikitumiwa kama daktari anavyoelekeza, yaelekea inapunguza tundu kavu. Kwa hivyo anayekosa pesa za mashine hajaachwa mikono mitupu. Mwulize daktari kuhusu hiyo.

TUSIJE TUKACHEKA MUMIANI

Yule mama mzee wa kikundi asidharauliwe. Hadithi za mumiani ni za tangu enzi za ukoloni, na ndani yake kulikuwa na swali la maana: anayechukua damu yangu anaipeleka wapi? Kwa kazi hii jibu linaonekana kwa macho. Damu inatoka mkononi mwako, inazungushwa chumba hichohicho, inarudi mdomoni mwako. Unayo haki ya kutazama.

Kwa kuwa damu ni yako mwenyewe, haiwezi kukuletea ukimwi wala homa ya ini kutoka kwa mtu mwingine. Lakini inabaki yako ikiwa tu hakuna aliyeichanganya na ya mwingine. Kwa hivyo sindano iwe mpya, ifunguliwe mbele yako. Kichupa kiwe kipya, na kama kuna mgonjwa mwingine siku hiyo, kiandikwe jina lako. Vichupa vya maabara vilivyotiwa dawa ya kuzuia damu isigande havifai kwa njia hii. Daktari mzuri hakasiriki ukiuliza. Akikasirika, hilo nalo ni jibu.

Mwambie daktari kama una ugonjwa wa kutoka damu bila kukoma, kama ulishaambiwa chembe zako sahani ni chache, kama unatumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi, au kama uliwahi kuchomwa miale ya saratani kwenye taya. Usiache dawa ulizoandikiwa kabla ya kumwuliza aliyekuandikia. Akina mama wanaotumia vidonge vya kupanga uzazi pia waseme, kwani vidonge hivyo vinaongeza kidogo hatari ya tundu kavu. Hatusemi waviache. Tunasema daktari ajue.

BONGE LA BURE

Uwe umelipa ya mashine au hukulipa, bonge ulilo nalo shimoni ni lazima lilindwe. Mtu anaweza kulipia utando wa damu ghali, halafu jioni akaufyonza na kuumeza kwa sababu ya muwa.

Ndiyo, muwa. Kufyonza ni adui mkubwa. Kufyonza muwa, kunywa soda kwa mrija, kuvuta sigara, kufyonza fyonza shimo kwa ulimi ili kuonja kama damu bado inatoka, yote haya yanavuta bonge. Kutema mate kwa nguvu ni vilevile. Mate yakijaa, yaache yadondoke kwenye kitambaa, au umeze.

Ukitoka kwa daktari utakuwa umeuma kipande cha kitambaa safi. Kiume kwa nguvu ya kutosha dakika 30 hadi 60, bila kukitoa kila mara kuangalia. Siku hiyo ya kwanza usisukutue kabisa. Usinywe chai ya moto wala uji wa moto. Subiri upoe uwe vuguvugu. Baada ya saa 24 anza kusukutua pole pole kwa maji vuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa gilasi moja, ukiinamisha kichwa huku na huku badala ya kusukuma kwa mashavu. Meno mengine yapigwe mswaki kama kawaida. Sigara, ugoro, miraa na pombe viwekwe kando angalau wiki nzima. Tunajua wengine watanung'unika.

Kwa maumivu, daktari atakuambia dawa gani inakufaa. Usijinunulie aspirini dukani kwa ajili ya kidonda cha jino, kwani inazuia damu kuganda. Na jamani, msitie majivu, tumbaku wala mafuta ya taa shimoni. Tumeshaona midomo iliyoungua kwa mafuta ya taa.

Kitu kimoja kinawatisha wengi. Siku ya tatu au ya nne, bonge huacha kuwa jekundu na kuonekana jeupe au la majano. Watu hudhani ni usaha, wakachukua njiti na kukwangua. Kama hakuna maumivu yanayoongezeka, harufu mbaya wala homa, yaelekea ni ule wavu wa fibrini na nyama changa. Liache.

Uvimbe wa kawaida hufika kilele siku ya pili au ya tatu, kisha unashuka. Ukiona unazidi kupanda baada ya hapo, au una homa, au mdomo haufunguki, rudi haraka. Damu ikiwa haikomi hata baada ya kuuma kitambaa safi kwa saa nzima, rudi. Ukishindwa kumeza au kupumua, usingoje asubuhi. Na maumivu makali yakianza siku ya pili hadi ya nne, yakipanda sikioni, hilo ni tundu kavu mpaka daktari aseme vingine. Ataliosha na kuweka dawa ndani, na nafuu huja upesi. Kununua vidonge vya rangi mbili dukani hakutaliponya.

TULIVYOJIBU KIKUNDI

Hatukuwaambia watoe wala wasitoe. Akiba ni yao na mdomo ni wa mwenzao. Tuliwaambia kwanza pesa za kutoa jino zitoke bila kuchelewa, maana shavu linalofura na kupoa kila mwezi siku moja halitapoa. Pili, mwenzao arudi kwa daktari na mwanakikundi mmoja, wamwulize mambo matatu: hatari ya tundu kavu kwa jino hili ni kubwa kiasi gani, nini kitatokea tusipolipia damu, na kama klorheksidini inaweza kutumika badala yake. Na kama ana bima, waulize inalipa nini na hailipi nini.

Tuliwakumbusha pia gharama ambayo karatasi ya kliniki haikuonyesha. Nauli ya kurudi kutazamwa na kutolewa nyuzi baada ya wiki moja hivi, siku chache bila kazi ya shamba, chakula laini, na mtu wa kumwangalia usiku wa kwanza. Akiba ikiisha yote siku ya upasuaji, nani atalipa matatu akihitaji kurudi?

Walitujibu kwamba mama yule alirudi akauliza. Daktari alimwambia wazi kwamba angependelea kutumia damu kwa sababu jino lilikuwa chini sana, lakini kwamba upasuaji unaweza kufanyika salama bila hiyo. Mwenyewe akaamua kuiacha. Jino lilitolewa, akapewa dawa ya kusukutua, na wenzake wakapanga zamu ya kumchotea maji kwa siku tano asiiname na mtungi. Nyuzi zilitolewa siku ya nane. Pesa zilizobaki bado ziko kwenye kisanduku cha kikundi, na mwenye ufunguo ni yule mama mzee wa mumiani.